Sheria ya Diwani Korane Kuhusu Dawa na Uzazi

Jumatatu, 7 Machi 1966. Garissa.

Leo nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya afya ya baraza letu la wilaya! Kura mbili kwa bila. Ya kwanza yangu mwenyewe. Ya pili ya diwani Barre, ambaye aliinua mkono kumfukuza nzi. Mjumbe wa tatu yuko Kotile na hajapata kibali cha kusafiri, kwa hiyo hakupinga.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mke wangu Sirad anasoma Kiarabu tu.

Sasa Kaaha ataona. Kaaha ni mama mdogo wa Sirad, na mkeka wake uko ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu la dawa. Mimi nina rafu, kaunta na chupa zenye karatasi za maandishi. Yeye ana habasoda, manemane na mizizi isiyo na jina. Watu wananipita. Jana mzee mmoja mwenye jino bovu alisimama mlangoni kwangu kuniuliza Kaaha amekwenda wapi.

Juu ya hayo ndiye mkunga. Nusu ya mji imezaliwa mikononi mwake, mimi nikiwemo. Anasema nilitoka na kichwa kirefu kama kibuyu. Anasema hivyo mbele ya wateja!

Karani wetu Komora, Mpokomo msomi, alinieleza mamlaka ya kamati. Sheria za afya, alisema, ni kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa kuna Bunge la Nairobi na Wizara: hao ndio wanaoamua nani ni daktari na dawa gani iuzwe na nani. Chini tupo sisi baraza, na sheria zetu ndogo za vyoo, mitaro na soko. Na huku kwetu, kwa ajili ya vita vya shifta, pembeni yupo Bwana DC, mkuu wa wilaya, na amri za hali ya hatari, ambaye anaingia ghorofa yoyote bila kubisha hodi.

Aliendelea kwa muda. Mimi nilishika neno moja: baraza linaweza kutunga sheria.

Jumatano, 9 Machi

Nimetunga. Ni sheria nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma. Inasema: "Mtu yeyote hataruhusiwa kuuza, kutoa wala kumpaka mwenzake dawa ya aina yoyote katika mji huu bila leseni ya baraza, na leseni haitatolewa ila kwa mwenye chumba chenye paa la bati, sakafu ya saruji na choo chake mwenyewe."

Mkeka hauna choo. Nilicheka peke yangu mpaka Sirad akaja kuuliza nina nini. Ana mimba ya miezi minane na hasira ya miezi kumi na miwili. Nikamwambia ni mambo ya serikali.

Mchana nikaona nimeacha pengo. Nikaongeza: "wala kumzalisha mwanamke." Komora alipopiga chapa alisita, akaniuliza kama sakafu ya duka langu ni ya saruji. Nikamjibu ni ya saruji kwa kiasi. Ipo saruji chini ya kaunta, pale ninapoweka miguu.

Alhamisi, 10 Machi

Imepita! Barre aliunga mkono akiwa amefumba macho.

Komora akasema haijawa sheria bado. Lazima iende Nairobi, Waziri aikubali, ndipo itangazwe. Barua itaondoka Jumamosi na msafara wa magari ya askari, maana siku hizi hata bahasha haisafiri bila bunduki. Nikamuuliza Waziri huchukua muda gani. Akasema wengine walishangojea mwaka.

Mwaka! Katika mwaka mmoja Kaaha atakuwa ameponya mkoa mzima.

Nimeamua hivi. Sheria iliyo njiani ni sheria. Mgeni aliye njiani si huwekewa chai?

Jumamosi, 12 Machi

Asubuhi nimebandika tangazo kwenye nguzo ya soko. Nimelipiga muhuri mara nne, mmoja kila pembe.

Kaaha hasomi. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea kwa sauti ya redio, polepole, na pale kwenye uzazi nikarudia mara mbili. Watu walijaa. Nilingoja matusi. Hakutukana. Aliuliza tu, "Hii imetoka serikalini?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mimi ni mtu wa sheria," akasema. Akakunja mkeka, akafunga mizizi yake kwenye kitambaa, akaenda zake nyumbani akivuta tasbihi.

Ushindi! Mbona nina wasiwasi?

Jumapili, 13 Machi

Wanawake tisa wenye mimba wamekaa mbele ya duka langu tangu saa mbili asubuhi.

Kaaha amewaambia kwamba kuanzia jana uzazi ni kazi ya diwani. Rukiyo, mke wa mchinjaji, ndiye msemaji wao. Aliniuliza nitawapokea kwa foleni au kwa ukoo. Nikawaelekeza hospitali ya serikali. Wakaniambia kile ambacho mwenyekiti wa kamati ya afya angepaswa kukijua: mkunga wa hospitali alikwenda likizo, na amekwama huko akingoja msafara wa kumrudisha.

Kwa hiyo mji huu hauna mkunga hata mmoja. Nimeufungia mimi.

Nikawapa wote peremende za kikohozi. Walikula na hawakuondoka.

Jumatatu, 14 Machi

Siku ya balaa. Alikuja Bwana Afya, Mutinda, mkaguzi wa Wizara. Ameliona tangazo kwenye nguzo, amefurahi sana, na ameanza kulitekeleza. Ameanza na duka langu!

Alipima sakafu. Mchanga, isipokuwa futi mbili za saruji. Akauliza choo. Nikamwonyesha. Mchinjaji naye akatoka ndani yake wakati huohuo, akitusalimu.

Nikamwambia, Bwana Mutinda, ile sheria bado si sheria, haijakubaliwa na Waziri.

Akasema vizuri, basi tutumie sheria ya Bunge, ambayo imekubaliwa zamani. Akapanda kwenye kiti akasoma chupa zangu moja moja. Vidonge vya salfa: vinataka mfamasia aliyeandikishwa. Sindano: vivyo hivyo. Ile chupa ya kahawia yenye picha ya fuvu: alinitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza nimesomea wapi ufamasia. Nikamwambia baba yangu alikuwa na akili sana.

Nimefikiri jioni nzima, na hesabu yake ni hii. Sheria ya baraza ikiwa na nguvu, duka langu linafungwa kwa sababu ya sakafu. Ikiwa haina nguvu, linafungwa na Nairobi, na Kaaha anarudi kwenye mkeka wake. Chupa zote zimo kwenye sanduku lenye lakiri. Zimebaki bandeji, dawa ya mbu na peremende.

Jumanne, 15 Machi

Nimepata njia! Si Komora alisema Bwana DC anaingia ghorofa yoyote? Basi na aingie kwangu. Kwa amri moja ya hali ya hatari angeweza kulifungua duka langu, na Mutinda angepiga saluti.

Nilikwenda Boma, ofisini kwake, nimevaa koti. Bwana DC alinisikiliza vizuri. Ili ajue ukubwa wa biashara yangu, nikamwambia nina katoni saba za bandeji.

Akaweka kalamu chini. Akauliza: katika mji huu, nani amejeruhiwa kiasi cha katoni saba?

Kumbe kwa amri zilezile za hali ya hatari, dawa na bandeji nyingi haziwekwi bila kibali, zisije zikawafikia wapiganaji wa shifta porini. Hakuna aliyeniambia. Au Komora aliniambia, lakini ilikuwa baada ya lile neno moja nililolishika.

Nilikaa kwenye benchi la polisi kutoka saa nne mpaka saa kumi. Nataka kuandika kwamba sikuogopa. Niliogopa. Kuna watu wa mji huu walioketi kwenye benchi lile na hatujawaona tena sokoni. Sirad alikuja na birika la chai, tumbo mbele, akamwuliza askari kama mtu asiyeweza kuficha sukari ndani ya nyumba yake anaweza kuficha vita. Komora naye akaja na kitabu cha baraza, akaapa kwamba nilizinunua katoni zile kwa sababu ziliuzwa rahisi mnadani na kwamba ndivyo nilivyo. Wakaniachia. Bandeji zimebaki Boma.

Njiani Sirad alinitangulia na birika lake.

Alhamisi, 17 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Saa sita mchana Sirad alishika mlango, akaniambia nimwite mtu. Wiki tatu kabla ya wakati! Nikauliza nimwite nani. Akaniita jina ambalo sitaliandika hata kwa Kiswahili.

Nikakimbia bila viatu mpaka kwa Kaaha. Alikuwa uani, anakunywa chai.

"Habaryar," nikasema. Maana yake mama mdogo. Tangu nioe sikuwahi kumwita hivyo. "Sirad! Njoo upesi!"

"Warya, we Korane, wataka nifungwe?" akasema. "Chumba changu kina saruji?"

"Hakina."

"Leseni ninayo?"

"Ile sheria nimeifuta! Sasa hivi! Mimi ndiye mwenyekiti!"

"Nilimuuliza Komora," akasema, akapuliza chai. "Mtu mmoja hafuti sheria ya baraza. Kamati ndiyo inayofuta. Nenda kaite kamati, mwanangu, nami nitakuwa tayari."

Sijui kwa nini nilimwamini. Nilimtoa Barre kwa kinyozi akiwa amenyolewa upande mmoja. Nikamvuta Komora kutoka kwenye chakula chake. Kikao kikafanyika mbele ya nyumba yangu, tumesimama juani, na Sirad analia ndani. Nikasema tufute. Komora akasema kwanza tusome kumbukumbu za kikao kilichopita. Nikamwambia nitamnyonga. Akaniuliza hilo aliandike au asiliandike.

Alipofika kwenye mambo yatokanayo, sauti ya Sirad ilikatika. Kimya. Kutoka ndani nikasikia mtu akisema polepole, "Bismillahi, bismillahi," kisha kofi dogo, kisha jingine.

Ilikuwa sauti ya Kaaha. Alipita mlango wa nyuma nilipokuwa bado nakimbilia kwa kinyozi! Hakungoja kamati yoyote. Alinipa kazi tu nisimsumbue.

Nilikaa chini mchangani. Barre akaniwekea mkono begani. Alikuwa macho kabisa, mara ya kwanza nimuone hivyo.

Kisha mtoto akalia.

Ni msichana. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili, na Kaaha alikifungua kwa vidole viwili, gizani mwa chumba, kama mtu anayefungua fundo la kamba ya mbuzi. Aliponionyesha mtoto alisema, "Kichwa kizuri. Hakukufuata."

Nilibusu mkono wake. Komora aliandika saa ya kufunga kikao: saa saba na dakika ishirini.

Ijumaa, 18 Machi

Nilipendekeza mtoto aitwe Saynab, jina la mama yangu. Sirad akasema ataitwa Kaaha. Nikaomba tupige kura. Nimeshindwa moja kwa mbili, kwa kuwa wanadai mtoto naye alipiga.

Wale wanawake tisa wamehamia kwa mwenye kazi yake. Tangazo nimelibandua mwenyewe, mbele ya watu. Rukiyo alipiga vigelegele. Nimeapa moyoni kwamba sitatunga sheria tena maishani. Serikali za ghorofa zote na zipumzike, nami nipumzike.

Jumanne, 5 Aprili

Baada ya Idi msafara umefika, na mkunga wa hospitali ndani yake, alhamdulillahi. Pia barua kutoka Nairobi! Komora alinisomea. Wizara inasikitika. Sheria yetu imekataliwa. Baraza halina mamlaka ya kuamua nani atibu na nani azalishe. Hayo ni ya Bunge. Tunakumbushwa kwamba kazi yetu ni vyoo, mitaro, machinjio na usafi wa maziwa yanayouzwa sokoni.

Komora akakunja barua akasema, basi mambo yamekwisha.

Nikamwambia arudie yale maneno ya mwisho.

Usafi wa maziwa! Wizara yenyewe imeandika, tena kwa muhuri! Hapa maziwa ya ngamia huuzwa katika vyombo vilivyofumwa kwa nyuzi, na mfuniko wake ni jani au kiganja cha mkono. Hatari kubwa kwa umma. Na binamu yangu Gelle aliyeko Griftu ana mifuniko ya bati, magunia mawili, imemlalia ghalani tangu mwaka juzi.

Sheria nimeimaliza kabla ya adhuhuri. Ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Gelle nimempelekea simu ya maandishi alete yote. Barre ataunga mkono, amesharudi kulala.

Wauza maziwa wote wa soko ni wanawake, na wengi wao ni ndugu za Sirad. Lakini hilo ni jambo dogo.