Betri Yangu na Kipaimara cha Monseigneur

Jumapili, 5 Oktoba
Aibu! Wala si yangu. Umeme umekatika katikati ya wimbo wa Utukufu, kompyuta ikabaki kwenye betri, na papo hapo ikaanza kujikokota kama mtu aliyeshiba bukari. Nimebofya ubeti wa pili. Kimya. Waumini wakaurudia wa kwanza, tena na tena, kwa imani kubwa. Ubeti wa pili ulipotokea ukutani padri alikuwa ameshatuambia tuketi.

Tangu Pasaka mimi, Urbain, ndiye ninayeonyesha maneno ya nyimbo ukutani, kwa kompyuta yangu mwenyewe. Umeme ukikatika, sola ya parokia ina plagi tatu tu. Moja ni ya maikrofoni, nyingine ya projekta. Ya tatu imetekwa na kinanda cha Édouard, kiongozi wa kwaya, ambaye bado ana kabati zima la vitabu vya nyimbo. Baada ya misa amepita karibu nami, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Kitabu haina na batterie." Watu wakacheka. Ndani ya kanisa!

Mama Angèle, katibu wa halmashauri ya parokia, hakucheka. Amesema Jumapili ijayo Monseigneur, askofu wetu, anakuja kutoa kipaimara. Skrini ikichelewa tena, vitabu vinarudi, na kazi yangu imekwisha. Kazi yangu! Kitu pekee mjini Likasi ambacho watu hukitazama mimi nikibofya.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimegundua chanzo. Betri imeingiwa na baridi. Marehemu baba alikuwa akianika betri za redio juani, na redio ikaimba wiki nzima. Nimechomoa betri ya kompyuta nikaiweka juu ya bati.

Mke wangu Bibiane ametoka nje, akainua macho: "Papa, sababu ya nini unaanika batterie? Njo mihogo?" Nimemjibu kwamba hayo ni mambo ya sayansi. Akaniuliza nitaigeuza upande wa pili saa ngapi.

Jioni betri ilikuwa ya moto kama mbabula yenye makaa. Nimeirudisha. Kompyuta imewaka, ikanguruma, ikawa nzito kuliko jana. Jua la siku hizi halifai kitu. Vumbi la machimbo limeliharibu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeipeleka kwa Rolly, fundi wa kompyuta pale sokoni. Aliposikia habari ya bati, amecheka mpaka akaegemea ukuta. Anasema nilikuwa karibu kuiua, na kwamba joto nalo huifanya mashine ipunguze mwendo. Kisha akabofya kale kapicha ka betri pembeni mwa skrini. Kumbe imewekwa kwenye kubana matumizi! Umeme ukikatika, mashine inajinyima nguvu ili betri idumu. Akauliza ni nani aliyeiweka hivyo.

Ni mimi, mwezi wa nane, ili niangalie mechi mpaka mwisho. Hilo si kosa. Ni busara iliyopitiliza.

Ameiweka kwenye nguvu zote. Akafunga madirisha yangu ya mechi, akataka pia kuwaondoa njiwa wanaoruka nyuma ya kila ubeti. Njiwa nimewatetea. Tukachomoa waya: beti zinaruka kama panzi! Lakini Rolly ameonya kwamba kwa mwendo huo betri inakwisha haraka, haitamaliza misa ya Monseigneur. "Omba plagi kwa papa Édouard, mugawane na rallonge, waya ya kurefusha. Njo mwisho ya maneno."

Nimesema nitafikiri. Sikufikiri.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mazoezi nyumbani. Nimemwomba Bibiane awe Monseigneur, atoe mahubiri marefu. Amekubali upesi mno. Amehubiri juu ya wanaume wanaoahidi kutengeneza mlango wa jikoni. Ametoa mifano. Betri imezimika kabla hajafika amina, na hata hapo hakunyamaza.

Nikitoka kununua makala ya mbabula nimekutana na Édouard. Amesema, mbele ya watu, kwamba rallonge anayo, nije na kompyuta tu, tutagawana plagi. Anataka nimshukuru! Anataka ile "asante" aiweke kabatini pamoja na vitabu vyake! Nimemwambia kompyuta yangu haili sahani moja na kinanda.

Nina mpango bora. Kubana matumizi mpaka mwisho wa mahubiri. Halafu nguvu zote. Rolly mwenyewe hakuliwaza hilo.

Jumapili, 12 Oktoba
Hasira bado haijanitoka.

Umeme umekatika wakati wa somo la kwanza. Sawa, nilijua. Mahubiri yamekwisha, nikafungua kale kapicha ka betri ili nirudishe nguvu. Mashine ikaanza kufikiri. Kwa kuwa ilikuwa inabana matumizi, ilibana hata kufikiri. Wakati huohuo kwaya imesimama, ikingoja wimbo wa mpako. Nikabofya. Kimya. Nikabofya tena. Nikabofya kama mtu anayetwanga sombe. Monseigneur ameshachovya kidole gumba kwenye mafuta ya krisma, binti wa kwanza mstarini, Plamedie, yuko mbele yake amefumba macho.

Hapo mashine ikazinduka na kutii mabofyo yote kwa mkupuo! Mpako, matoleo, komunyo, yote yakapita mbio ukutani, ikatua kwenye wimbo wa kumaliza: twende kwa furaha, misa imekwisha.

Waumini wetu hufuata skrini. Mimi ndiye niliyewafundisha. Wakaimba. Akina mama wa nyuma wakapiga vigelegele, wakatoka wakicheza mpaka uani. Monseigneur amebaki na kidole juu. Mama Angèle ametoka mbio: "Murudi! Bantu ya Mungu, murudi! Batoto bado kupakwa mafuta!"

Édouard amefungua kabati, akagawa vitabu. Polepole, bila hata kutabasamu. Ukatili wa namna hiyo sijapata kuuona.

Jumatatu, 13 Oktoba
Halmashauri imekaa. Vitabu vimerudi. Nimewaeleza kwamba mashine ilikuwa mbele na misa ndiyo iliyokuwa nyuma. Wamenishukuru kwa utumishi wangu. Wakapiga makofi! Nimeumia. Naandika hivyo hapa tu, Bibiane asijue.

Mchana amepiga simu binamu yangu Fidèle wa Kambove. Binti yake anafunga ndoa Jumamosi, wanahitaji mtu wa skrini. Nimekubali kabla hajamaliza. Akauliza kama anitafutie plagi. Nimemwambia asinitukane.

Kosa nimeshaliona. Mashine haikatai kazi, inataka muda tu. Kwa hiyo Kambove sitasubiri wimbo uitwe. Bi harusi akifika mlangoni tu, nitabofya misa nzima.