Pembe Nyekundu Chini ya Sakafu

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe yuko Bishkek kwa daktari wa macho. Anarudi Ijumaa, Sikukuu ya Wanawake. Zawadi yangu: sebule yake yenye sakafu mpya ya laminati, vile vibao vya kupachikana, kazi ya mikono yangu. Labda ataacha kuwaambia wageni kwamba mwanamume anayekaa kwa wakwe hata msumari haumtii.

Tatizo, mbao za chini zimepindapinda. Nimeweka kokwa ya jozi karibu na jiko, ikabingirika yenyewe hadi dirishani. Joldosh, kaka wa mke wangu, seremala na mjuaji, akapita bila kualikwa. Eti nirande vilima, nipigilie plaiwudi, kisha nitandike kitandiko chembamba kigumu. Kikiwa kinene na laini, sakafu itanesa na viungo vitaachia. Nimemshukuru. Wivu tu. Mabonde hujazwa, na kinene ndiyo dawa.

Jumatano, 6 Machi
Kitandiko cha dukani ni kama ganda la kitunguu. Nimepata bora! Zulia la manyoya ya kondoo, sandukuni kwa mama mkwe, nene kama kidole gumba. Babu zetu walilalia la namna hii juu ya theluji, litashindwa na mbao? Lilizidi upana. Nimelikata kwa kisu, likaingia. Jioni laminati yote ilikuwa chini. Inang'aa.

Alhamisi, 7 Machi
Inanesa. Nikikanyaga mlangoni, vikombe vinalia kabatini. Kiungo cha dirishani kimeachia, nimekifunika kwa chungu cha maua.

Kisha Nurzat, mke wangu, akaniuliza kama nimeliona zulia la mama, lile lenye nakshi nyekundu za pembe za kondoo dume. Alilishona majira mawili ya baridi ili binti yetu Aizirek aende nalo kwa mumewe. Wakwe wa Aizirek wanakuja kulitazama Jumapili. Nikasema sijaliona. Nilikuwa nimesimama juu yake. Naogopa kukohoa.

Ijumaa, 8 Machi
Nilijificha stoo ya makaa. Nikaitwa. Mama mkwe alivua viatu, akaingia na soksi, akasimama katikati. Akajinesanesa mara mbili.

"Baba Aizirek," akasema polepole, "mbona sakafu yako inanukia kondoo wangu?"

Nikasema labda ni kondoo wa jirani. Akaagiza mtaimbo, akang'oa mwenyewe vibao vitatu. Pembe nyekundu zikatutazama, mkato wangu umepita katikati yake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakutukana. Alikaa chini akalia, akasema daktari amemkataza kushona tena. Hilo lilikuwa zulia lake la mwisho. Kama ningeweza kuingia chini ya mbao, ningeingia.

Aizirek akaketi kando yake, akachukua sindano, akaonyeshwa pa kuanzia.

Jumanne, 19 Machi
Wakwe walikuja. Wakausifu mshono wa katikati, wakadhani ni mtindo. Joldosh amerudia sakafu: randa, plaiwudi, kitandiko chembamba. Jozi haibingiriki tena, nami simtazami usoni. Adhabu yangu ni kuchambua manyoya hadi kiangazi, na nisiguse sanduku lolote humu ndani. Nimeapa, na naogopa kiapo.

Ila chumba chetu nacho kina mbao zilizopinda. Leo nimeyatazama magodoro ya wageni, yamepangwa kumi na manne hadi karibu na dari. Manne ya chini hayajawahi kulaliwa. Manene. Na hayamo sandukuni.

Sitayakata. Nitayakunja tu.