Kabuti la Bwire na Nyota za Kisiwa Cheusi

Mwaka ule wa magendo ya kahawa, Malaba ilijaa watu wenye pesa wasiojua waende nazo wapi, na Bwire akaona ni dhambi kuwaacha wakihangaika peke yao. Yeye alikuwa na shida moja tu: pikipiki nyekundu iliyosimama dirishani mwa duka kubwa la Busia. Baba yake Magdaline, msichana aliyetaka kumwoa, alikuwa ametamka wazi kwamba binti yake haolewi na mtu anayekuja kwa miguu.

"Mama, Wazungu wanapanda ndege kutafuta kitu kama hiki," alimwambia Mama Apolot, mchuuzi wa kahawa, mwanamke mnene wa maneno machache. "Kisiwa Cheusi, hapo ziwani mbele ya Sio Port. Ni mlima wa moto! Jioni naonyesha vile ulitapika mawe, usiku naonyesha nyota mpaka shingo iume."

"Nyota si ziko hata kwetu Kocholia?"

"Za Kocholia ni za kawaida, mama. Za kule ziko karibu na moto, zimeiva."

Mama Apolot akalipa. Wakalipa pia ndugu wawili madalali, ambao hawangekubali huyu mama aone kitu wasichokiona wao. Bwire, aliyewajua wezi wa Malaba kwa majina, akazishona pesa zote ndani ya bitana ya kabuti lake kuukuu la askari.

Okal, mvuvi wa Sio Port, akawavusha kwa mtumbwi. Kisiwani Bwire aliwapitisha kwenye mawe meusi huku akiyataja majina aliyoyatunga njiani.

"Mnaona moshi ule? Mlima unapumua."

"Huyo ni Gaudencia anakausha samaki," Okal akasema.

"Anakausha kwa pumzi ya mlima!" Bwire akadakia, na kuwasukuma wageni mbele.

Giza likaingia, giza totoro. Bwire alikuwa ameichagua mwenyewe siku isiyo na mwezi.

"Sasa macho lazima yazoee giza. Laleni chali, mfunike macho kwa leso, mhesabu polepole mpaka niwaambie. Mtu akichungulia mapema, nyota zinakataa. Na mifuko iwekeni kando, vifungo vya chuma vinaita moto."

Ndugu wawili wakalala hapo hapo. Mama Apolot, aliyekuwa ameukumbatia mfuko wake mzito tangu Busia kama mtoto mchanga, akaguna. "Mimi silali juu ya mawe baridi hivi. Lete hilo kabuti."

Lo! Bwire akasita, na moyo ukamwuma kweli. Ndani ya kabuti mlikuwa na nusu ya pikipiki. Lakini ndani ya mfuko ule, kwa uzito wake, pengine mlikuwa na pikipiki mbili na harusi juu yake. Akalivua, na mama akauweka mfuko kando.

Punde si punde alikuwa ufukoni na mifuko yote mitatu, anahema. "Okal! Twende Sio Port, upesi!"

Okal alikuwa anawasha karabai. "Omera, ndugu yangu, leo hakuna mwezi."

"Ndiyo, kwa hivyo?"

"Omena inafuata taa siku za giza tu. Nani alikudanganya nitaacha kuvua nikupeleke nyumbani? Ingia, ushike wavu."

Maskini Bwire! Katika hesabu zake zote hakukumbuka kwamba giza linalofaa nyota ndilo hasa linalofaa kuvua omena, dagaa wa ziwani. Akavuta wavu mpaka viganja vikachubuka, na kufungua mfuko mbele ya Okal hakuthubutu. Kulipopambazuka akanong'ona, "Sasa nyumbani."

"Kwanza kisiwani. Tuliahidi kurudisha wageni asubuhi."

"Waache, bwana!"

"Mimi ni mvuvi," Okal akasema, "si mwizi."

Wageni walikuwa wameketi kwa Gaudencia wanakula samaki. Mama Apolot alikuwa ndani ya kabuti.

"Yoga, kijana," akamsalimu kwa Kiteso. "Umelala wapi?"

"Mama, mlima ulianza kunguruma, nikaona niondoe mifuko yenu hatarini..."

Ndugu wawili wakanyakua yao kwa matusi. Mama Apolot hata hakunyoosha mkono. "Huo wangu kaa nao. Ni mawe na makapi ya kahawa. Askari wakitaka kunyang'anya mfuko barabarani, nawapa huo. Pesa natembea nazo, nimezifunga tumboni."

Bwire akaushusha mfuko chini. "Basi, mama, naomba kabuti langu."

"Hili? Wewe umechukua mfuko, mimi nimebaki na kabuti. Tumebadilishana." Akalipapasa ubavuni. "Tena ni zuri, usiku kucha linachakarisha mgongoni. Ama liko na kitu chako ndani? Sema tu, hawa ndugu wasikie."

Ndugu wawili wakaacha kutafuna.

"Hapana, mama," Bwire akasema. "Livae tu."

Kwa kazi ya usiku kucha Okal alimpimia kopo moja la gorogoro la omena, na hilo ndilo pato la halali pekee Bwire alilowahi kulipata. Alikuwa anaichuuza kando ya barabara Matayos juma lililofuata, na Magdaline yuko ng'ambo anamtazama, ile pikipiki nyekundu ya dirishani Busia ilipopita ikawatimulia vumbi wote wawili. Mama Apolot alikuwa juu yake, peke yake, jua la saa sita linawaka, na amelifunga kabuti vifungo vyote.