Chapati Zenye Kitovu

Jumatatu, tarehe 4

Mdomo wangu huu! Siku moja utaniponza.

Jana tulikuwa kwa mama mkwe. Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, kaja na keki aliyooka mwenyewe. Mwenyewe! Mwanamume mzima, afisa wa bima, anayepiga pasi hadi leso. Hapa nyumbani tunamwita Bwana Kamili. Yaani mimi namwita. Mke wangu bado hajakubali.

Mama mkwe akaonja kipande, akafumba macho, akasema, "Mwanangu, Mungu akuzidishie." Mwanangu! Mimi miaka yote hii ni "bwana" tu. Bwana, sogeza kiti. Bwana, funga mlango. Utadhani nimekuja kusoma mita ya maji.

Roho ikaniuma. Nikasikia mdomo ukisema kwamba mimi hupika chapati kila Jumapili, laini, za tabaka tabaka. Chapati ni ufalme wa mama mkwe. Ukoo mzima unazisifu. Zake zina kifundo kidogo katikati, mfano wa kitovu, na hakuna anayejua anakifanyaje, maana hupika peke yake na mlango wa jiko kaufunga. Mama mkwe akasema basi Jumapili ijayo watakuja wote kwangu kuzionja.

Nikimpikia zikampendeza, ataniita mwanangu. Lazima aniite. Hata mara moja!

Tulipofika nyumbani mke wangu akaniuliza kama najua unga unakaa kabati gani. Dharau hiyo. Mimi ni fundi saa. Nafungua saa ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Unga utanishinda?

Jumanne, tarehe 5

Umenishinda.

Nilitia maji, ukawa uji. Nikaongeza unga, ukawa jiwe. Nikaongeza maji. Nikaongeza unga. Mwishowe donge likawa kubwa kuliko karai, nami viwiko vyote viwili vimo ndani. Ikabidi mke wangu anivute.

Kusukuma nako! Kila nikipeleka kifimbo mbele, unga unarudi nyuma. Ya kwanza ilitoka na pembe. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikaukandamiza juu, nikakata kwa kisu. Duara safi! Duara la kifundi! Nikakaanga. Ikaniponyoka, ikaanguka sakafuni, ikalia. Mke wangu kaja mbio akidhani sahani imevunjika.

Binti yangu akaomba moja. Nilifurahi sana, mtoto ana moyo. Jioni nimeikuta chini ya mguu wa meza, ile inayoyumba. Haiyumbi tena.

Jumatano, tarehe 6

Bwana Kamili kapita kibandani kwangu. Eti saa yake inachelewa. Nimeipima, haichelewi hata kidogo. Akaniuliza, huku meno yote nje, mimi hukandia maji ya moto au ya baridi. Nikajibu ya kawaida. Akauliza madonge nayaacha yapumzike muda gani. Nikamwambia mpaka yaamke yenyewe.

Akacheka! Akasema Jumapili atasimama kando yangu jikoni, ajifunze. Kibano kikaniponyoka, springi ya saa ya mteja ikaruka. Nimeitafuta hadi kwenye kikombe cha chai. Haipo.

Alhamisi, tarehe 7

Nimepata! Nimepata!

Nyuma ya soko yupo mama anayekaanga chapati kwake na kuuza kupitia mlango wa uani. Wanamwita Mama Moshi. Nikanunua moja, nikaila hapo hapo nimesimama. Laini! Tabaka kama kurasa! Na katikati yake, sikuamini macho yangu, kitovu! Kile kile cha mama mkwe. Bahati iliyoje! Dunia hii ina watu wawili wenye mkono wa aina moja.

Nikamuuliza kama anamfahamu mama mkwe wangu, nikamtajia na mtaa. Akapaliwa, akakohoa, akaingia ndani kutafuta chenji ambayo nilikuwa sijaidai. Moshi ule si mzuri kwa kifua, maskini.

Nimeagiza za Jumapili. Akaniuliza kama ni za wazi au za siri. Kumbe wateja wa siri huwafungia kwenye kitambaa cha maua ya zambarau, mpitanjia adhani ni nguo za kufua, halafu kitambaa hurudishwa. Mama mwenye akili! Ningemjua mapema ningeoa kwa kujiamini zaidi.

Jumamosi, tarehe 9

Mazoezi mbele ya kioo. Unga kidogo puani. Kidogo kwenye kope. Alama ya kiganja kwenye suruali, kama mtu aliyejifuta bila kufikiri. Mpango wenyewe ni huu: bonge la unga kwenye kibao, liwe pambo. Mafuta kwenye kikaango, yatoe harufu. Mlango wa jiko umefungwa. Mimi ndani napigapiga kifimbo na kuguna. Kisha natoka na hotipoti imejaa, jasho linanitiririka.

Mke wangu kasema njia ya mwongo ni fupi. Nimemwambia yangu ina kona. Hakucheka.

Jumapili, tarehe 10

Nisimulie kwa utaratibu.

Asubuhi nikachukua mzigo kwa Mama Moshi. Wageni wakaja. Nikajifungia jikoni, nikapiga kifimbo, nikaguna. Nikasikia dada wa mke wangu akimwonea huruma mwanamume anayejituma hivi. Raha! Nikatoka. Zikaliwa. Kila mdomo ulikuwa na kazi. Mama mkwe akaichukua yake, akaigeuza, akaitazama katikati, akakiona kitovu. Akaacha kutafuna.

Bwana Kamili naye kakiona. Akasema, kwa sauti ya bima, kwamba ni ajabu kubwa, siri ya Mama imemfikiaje huyu? Na kwa kuwa kule jikoni kuna unga umebaki, ameuona, basi twende sote, nisukume moja tu mbele ya mashahidi.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini haya yalikuwa yanachemka! Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu haukutoa kitu.

Mama mkwe akainuka. Akasema mpishi hachunguliwi jikoni. Akasema leo watamchungulia huyu, kesho watataka kumchungulia nani? Bwana Kamili akae, tena atoe viwiko mezani. Kisha akaniambia nimfuate.

Tukaingia jikoni. Akafunga mlango kwa komeo, kama mtu aliyezoea. Akalitazama bonge langu la unga, akalibonyeza kwa kidole, akasikitika. Akafungua kabati la chini. Moja kwa moja! Hakuuliza hata liko wapi! Akakitoa kitambaa changu cha maua ya zambarau, nilichokuwa nimekificha humo.

Basi kwisha habari yangu, nikajisemea. Nitakuwa bwana hadi kaburini. Nilitaka kulia, na unga wa kwenye kope haukusaidia.

Akaufungua mkoba wake. Akatoa kitambaa cha maua ya zambarau. Cha pili. Kimefuliwa, kimekunjwa vizuri.

Akaniwekea kiganjani, akaninong'oneza, "Ukimrudishia chako, nirudishie na changu, mwanangu. Mimi magoti yananisumbua, na mlango wake wa uani una ngazi."

Mwanangu! Nilikaa chini kwenye ndoo. Ilikuwa na maji. Sikujali!

Jumanne, tarehe 12

Maisha matamu. Nimevirudisha vitambaa vyote viwili. Mama Moshi kaviona pamoja, kacheka hadi kashika ukuta. Mama mkwe kapiga simu mara mbili kumuulizia "mwanangu", na mke wangu kila mara alidhani anatafutwa yeye. Ananitazama kwa jicho la pembeni. Nadhani anajua. Nadhani amejua kitambo, hata siri ya mama yake.

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo.

Leo Bwana Kamili kaja kibandani. Mpole! Kavua kofia. Kasema tangu Jumapili halali vizuri, Mama hamwiti tena mwanangu, anamwita bwana. Karibu atokwe na machozi. Kaniomba, kama ndugu, nimfundishe kupika chapati zile. Kitovu na kila kitu. Kwake, mbele ya mkewe, Jumamosi hii.

Nilitaka kusema nina kazi nyingi. Nilitaka kusema mkono unauma. Nikasikia mdomo ukimwambia aandae unga wa kutosha, na kwamba tukimaliza chapati nitamwonyesha na sambusa.

Nimekwenda kwa Mama Moshi kumuuliza kama anaweza kuenea ndani ya kabati la jikoni. Kanifungia mlango. Hata hivyo sioni sababu ya kuhangaika. Mimi ni fundi saa. Nafungua saa ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Sambusa itanishinda?