Kitambaa cha Marta na Printa Mbili

Jumatatu, 8 Oktoba 1979. Iringa.

Kompyuta imefika. Shirika letu la mahindi na alizeti limeletewa na mtaalamu, Bwana Larsen, ndani ya masanduku matatu. Meneja Nyanda ametangaza kwamba wiki ijayo atamteua Msimamizi wa Kompyuta, na msimamizi atapewa nyumba ya Gangilonga yenye bomba la maji jikoni. Tunaoitaka ni wawili. Mimi, Jailos, karani mwandamizi, miaka tisa kazini. Na Tupokigwe, mpiga chapa aliyetoka Mbeya juzi tu.

Bwana Larsen alieleza asubuhi nzima. Printa ni mbili: ya kwanza iko chumba cha kompyuta, ya pili ofisini kwa Meneja, waya umepitishwa ukutani. Kisha akaanza habari ndefu ya kitufe na taa ya kijani. Tupokigwe aliandika kurasa nne. Mimi sikuandika. Msimamizi haandiki, anaandikiwa. Nilikuwa nayahesabu madirisha ya Gangilonga kichwani. Saba, kama sikosei. Jioni nikamwambia mke wangu Marta aanze kufikiria mapazia.

Jumanne, 9 Oktoba.

Meneja na Bwana Larsen wamekwenda Mbeya mpaka Jumatatu. Meneja amefunga ofisi yake na kuondoka na ufunguo.

Vumbi la Oktoba limezidi, na printa yetu imekaa uchi mbele za watu. Nyumbani kwetu hata redio ina kitambaa chake, sembuse mtambo wa shirika. Nikaleta kile alichokidarizi Marta wiki mbili mfululizo, maua mekundu pembeni na maneno KARIBU MGENI katikati. Nikakitandaza, nikaacha upenyo wa karatasi, nikakinyoosha kwa kiganja mpaka mkunjo wa mwisho ukaisha. Tupokigwe akasema Bwana Larsen hakutaja kitambaa. Nikamjibu kwamba Bwana Larsen hakuja na mkewe.

Mchana nikajaribu kuchapa kitu kidogo: orodha ya mapazia, chumba kwa chumba. Haikutoka.

Alhamisi, 11 Oktoba.

Printa imegoma siku ya tatu. Kompyuta inaandika kwamba kazi imekwisha, printa kimya. Nimeipuliza. Nimeitikisa. Nimeisemesha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, maana ni mgeni.

Akaja Tupokigwe, akaondoa kitambaa, akabonyeza kitu, taarifa yake ya alizeti ikatoka yote. Akaanza kunieleza, kaka Jailos, taa ya kijani ikizimika ujue kwamba... Nikamkatisha. Sifundishwi na mtu ambaye choo cha ofisi nilimwonyesha mimi. Alipotoka nikarudisha kitambaa na kukinyoosha vizuri. Nikachapa. Hakuna.

Hapo mtu mzima anaelewa. Yeye akiwepo mtambo unafanya kazi, akiondoka unagoma. Hiyo ni hujuma.

Tena ofisini kwa Meneja mna panya. Kila ninapoagiza kuchapa wanaanza kukwaruza nyuma ya mlango, krr, krr, krr, halafu kimya. Nimemwandikia dokezo Saulo wa stoo alete sumu. Meneja akirudi aone nani alikuwa macho.

Ijumaa, 12 Oktoba.

Leo nimetumia akili. Nimeandika barua ya siri kwa Mwenyekiti wa Bodi. Kwa mkono haiwezekani, mwandiko wangu unajulikana mpaka Kalenga. Kwa taipureta haiwezekani, ya kwetu herufi e imekatika mkia na kila mtu anaitambua. Lakini kompyuta haina mwandiko. Nani atajua?

Nilisema Tupokigwe anahujumu mtambo wa umma. Nilisema Meneja Nyanda husinzia mikutanoni, hukoroma kwenye ajenda ya pili, na kwamba tumbo lake huingia ofisini kabla yake. Nikamalizia kwamba shirika lina bahati ya kuwa na mtu mmoja mwadilifu, mnyenyekevu na mwenye kichwa chepesi, Ndugu Jailos, ila hapewi nafasi. Nikaweka: Wako, Mzalendo Mwenye Uchungu.

Nikaagiza kuchapa. Kimya. Nikaagiza tena. Nikaagiza mara kumi na moja. Panya wa Meneja wakacharuka kama wana harusi. Nikaona siku imeharibika, nikaifuta barua yote kwenye kompyuta, isibaki hata nukta. Jumatatu nitaiandika upya. Nimetembea kwenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 13 Oktoba.

Marta amekwenda Gangilonga na kamba ya katani, amepima madirisha kwa nje. Ni saba kweli. Amewaaga majirani wawili. Jioni alicheka peke yake akisonga ugali, na mimi nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka mzima. Nyumba hii lazima niipate.

Jumatatu, 15 Oktoba.

Meneja amerudi pamoja na Bwana Larsen. Nilimfuata mlangoni na sumu mkononi, nikimweleza habari za panya. Akafungua.

Hapakuwa na panya. Palikuwa na karatasi, kutoka kwenye printa ya pili mpaka miguuni pake, zimejikunja juu ya kiti na juu ya zulia. Akaokota ya kwanza. Mapazia, chumba kwa chumba. Akaokota nyingine, akasoma kwa utulivu, akaangalia tumbo lake, akaendelea. Nakala zilikuwa kumi na moja. Alizisoma zote, kana kwamba ya tisa ingekuwa na habari tofauti.

Tupokigwe akaitwa aeleze. Akasoma kwenye daftari lake: kitufe cha printa ya kwanza kikibonyezwa taa ya kijani inazimika, printa haijachaguliwa tena, na kompyuta inapeleka kazi kwenye printa ya pili. Kisha akatupeleka chumba cha kompyuta. Akawasha taa ya kijani. Akaniomba nitandaze kitambaa kama kawaida yangu. Nikatandaza, nikakinyoosha. Akakifunua. Taa imezimika. Bwana Larsen alikiomba kitambaa akipige picha.

Meneja akasema barua haina jina la mwandishi, kwa hiyo hawezi kumwadhibu mtu. Ila amefurahi kujua kwamba shirika lina mtu mwadilifu na mnyenyekevu, na mtu kama huyo anahitajika sana depo ya Igowole. Kuanzia wiki ijayo. Nyumba ya Gangilonga anapewa Tupokigwe.

Marta alifungua fundo la kanga, akatoa ile kamba yenye mafundo ya vipimo, akafungia mzigo wa sufuria. Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikamwambia kwamba Tupokigwe alipanga yote.

Jumatano, 24 Oktoba. Igowole.

Baridi, ukungu, chai. Mtunza ghala anaitwa Liberatus, mtu wa hapahapa, anajifanya anajua kila kitu. Alinieleza habari ndefu ya redio ya upepo. Nilichoshika ni hiki: ukibonyeza kitufe cha juu kitaa chekundu kinawaka, na unasikika depo zote mpaka Iringa mezani kwa Meneja. Mengine alieleza akiwa ameshika kikombe changu, sikuyafuatilia.

Redio ilikuwa na vumbi la kutisha. Imekaa uchi tu. Leo saa nne, Liberatus alipokwenda mjini kwa shughuli zake, nikaleta kitambaa cha Marta. Nikakitandaza, nikakinyoosha kwa kiganja. KARIBU MGENI imekaa katikati sawasawa.

Kisha nikaketi kando yake kuandaa barua mpya ya siri kwa Mwenyekiti. Nimejifunza: kompyuta si ya kuaminika. Hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Marta aliponiletea chai nimemsomea kwa sauti, mara mbili, sehemu ya tumbo la Meneja mara tatu, kuona kama maneno yanatiririka. Yanatiririka.

Kuna kitaa chekundu kinawaka chini ya kitambaa tangu saa nne, kimeyapendezesha maua. Na Iringa, ambao jana waliita kila nusu saa, leo hawajaita hata mara moja. Huku mtu anaweza kufanya kazi kwa utulivu.