Karatasi Iliyopima Kidole Changu

Wenzangu, leo nimefedheheka. Tena mchana kweupe, mbele ya Bwana Shamba, wazee watatu wa Kibondei na wanawake sita wenye ndoo. Nawaandikia jioni hii hii kabla habari haijawafika huko Pangani kwa mdomo wa mtu mwingine, maana mwingine ataongeza chumvi. (Na kisa chenyewe hakihitaji.)

Kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye msimamizi wa kitalu hapa njia ya Tongoni. Nina miche ya michungwa mia tatu, nimeilea mwaka mzima, na Jumamosi wakulima wa upande wa Muheza wanakuja kuichukua. Mashimo wameshachimba. Sasa, kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Mchungwa ukinywa maji ya chokaa majani hugeuka manjano kama mtu mwenye homa ya ini. Kwa hiyo kila pipa tunatia asidi kikombe kimoja cha kahawa, ile ile ya betri za malori, kisha mbolea, kisha tunapima kwa karatasi.

Karatasi yenyewe ni ya rangi ya zambarau. Ukiichovya ikageuka buluu, chokaa imezidi. Ikigeuka nyekundu, asidi imezidi, na mizizi itaungua. Ikibaki zambarau, nywesha miche ukalale. Kazi hiyo ya kupima naifanya mimi peke yangu. Nilifundishwa mjini wiki mbili. (Nimejivunia miaka miwili.)

Na jambo jingine mnalijua: tambuu. Mwezi uliopita Bwana Shamba aliona madoa mekundu kwenye majani ya miche. Akashtuka, akachuma majani manne, akayatia kwenye bahasha yapelekwe kwa wataalamu wakachunguze huo ugonjwa mpya. Ugonjwa mpya ulikuwa mate yangu. Siku hiyo niliapa kwamba nimeacha kutafuna, naye akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikiharibu tena, nitarudi nilikotoka, kwenye kukata mkonge. Mgongo wangu huu mnaujua. Mkonge hauwezi tena.

Basi leo asubuhi nikafika mapema. Nikajitengenezea tambuu moja tu ya kufungulia siku. (Nimeacha, ndiyo. Lakini moja?) Nikapaka chokaa jani kwa kidole, nikatia popoo, nikakunja, nikatafuna. Kikopo cha chokaa nikakirudisha mahali ambapo Bwana Shamba hawezi kupekua.

Nikajaza pipa. Kikombe cha asidi, mbolea, nikakoroga. Nikachovya karatasi, nikaipitisha kati ya kidole na dole gumba ili kuikamua matone, kama ninavyofanya siku zote. Ikawa buluu.

Nikasema, kisima leo kimeamka vibaya. Nikaongeza kikombe. Nanyi mnajua, wasiwasi ukinishika mkono wangu unakwenda kwenye tambuu wenyewe. Nikapaka chokaa, nikatafuna ya pili. Nikapima. Buluu. Kikombe kingine, tambuu nyingine. Nikapima. Buluu zaidi! Nikatia cha nne kwa hasira, nikasema yatosha sasa, hata jahannamu haina chokaa hii.

Hapo ndipo alipokuja Bi Mwanaidi, mkubwa wa wanawake wanaomwagilia. Mama wa Tongoni, rika la marehemu mama yangu. Zamani nilikuwa namwamkia. Tangu nipewe usimamizi nikawa nangoja aanze yeye kunisalimu. (Mungu naye alikuwa anangoja.) Ana mkato kidoleni, alijikata na mundu juzi. Akachota ndoo, maji yakamrukia mkononi, akauvuta mkono haraka.

"Bwana Sefu, maji haya yanauma," akaniambia. "Nionavyo mimi yamekuwa makali. Yaache kwanza."

Nikamwambia karatasi imesema yana chokaa, na karatasi imesoma kuliko kidonda chake. Nilisema hivyo, wallahi, na wenzake wakasikia. Nikamwamuru anyweshe tuta lote la mbele, miche mia, kabla jua halijapanda. Alichukua ndoo zake akaenda, nami nikaona nimeshinda.

Saa nne gari la Bwana Shamba likaingia, bila taarifa. Ameleta wazee watatu wawakilishe wakulima, waione miche yao kabla ya Jumamosi. Na mimi nina tambuu shavuni. Pa kutema hapana. Nikaimeza yote, jani, popoo na chokaa yake. Machozi yakanitoka, mzee mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Bwana Shamba akaniomba niwaonyeshe wageni namna tunavyopima maji. Basi hapo nikasahau hata tumbo. Nikachomoa karatasi mpya, nikaiinua juu wote waione, nikaanza hotuba. Kwamba kuna asidi na kuna chokaa. Kwamba jicho la mtu hudanganyika, ulimi hudanganyika, ila karatasi hii haijawahi kumdanganya mtu. Jua kali, jasho linanitiririka mpaka vidoleni, na mimi ndiyo kwanza naingia sehemu ya pili.

Yule mzee aliyenipa pole akanyoosha fimbo yake. "Samahani, mwalimu," akasema. "Mbona imeshageuka, na maji hujayagusa?"

Nikaitazama. Ilikuwa buluu kuanzia pale nilipoishika, na buluu inapanda.

Bwana Shamba alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kidole cha shahada. Chokaa imejaa mpaka chini ya ukucha. Akaniambia nikanawe kwa sabuni, mara mbili. Niliporudi akanipa karatasi nyingine, nikaichovya kwenye pipa mwenyewe, mikono safi, bila kuikamua.

Nyekundu. Nyekundu kama midomo yangu. Najua kwa sababu watu wote waliitazama karatasi, kisha wakanitazama mdomoni, kisha wakairudia karatasi.

"Maji haya yameshafika kwenye miche?" Bwana Shamba akauliza.

Wenzangu, niliiona miche mia imekauka, nikawaona wazee wanarudi Muheza kwenye mashimo matupu, nikajiona mimi na panga katikati ya mkonge. Uongo niliutafuta, sikuupata. Nikamwambia ndiyo, niliamuru tuta lote la mbele linyweshwe, na niliambiwa maji ni makali nikakataa kusikia.

Ndipo Bi Mwanaidi akaweka ndoo yake chini.

"Aliamuru kweli," akasema. "Mimi sikunywesha. Lile tuta nimelipa maji ya mvua ya kwenye tangi. Yale ya pipa yako nyuma ya banda, ndoo kumi, nimeyafunika asije mtu akanawia uso." Kisha akaongeza, na hapa ndipo aliponimaliza: "Msimkasirikie sana. Huyu ndiye aliyekuwa akiifunika miche kwa makuti yale majuma ya jua kali, hata siku zake za mapumziko. Leo kateleza."

Nililia. Safari hii si popoo.

Bwana Shamba akashusha pumzi, akanyoosha kiganja. Anataka kikopo. Nikamwambia nimeacha tambuu. Kiganja hakikurudi. Basi nikavua kofia, kikopo kikaanguka miguuni pake. (Ndiyo, kofiani. Mlishangaa siku ya Idi kwa nini kofia yangu ilisimama vizuri hivyo.) Hata dereva wa gari alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe hakukitaka akitupe. Ndoo kumi zikarudishwa pipani, nikaamriwa nitie chokaa yangu mwenyewe, ncha ya kijiti baada ya ncha ya kijiti, nikoroge, naye Bi Mwanaidi anapima. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu iliyofifia. Kikopo kikaisha chote, kile kizuri mlichoniletea, tukamalizia na ndoo za maji ya kisima. Ilipokuja zambarau wazee walipiga makofi. Mmoja akasema somo hili hatalisahau maisha, na kwamba mwalimu mzuri ni yule asiyeogopa kujitolea mfano. Sikumsahihisha.

Mkonge sirudi, alhamdulillahi. Kuanzia kesho karatasi anashika Bi Mwanaidi, na posho ya kupima inamfuata yeye, mimi nakoroga. Ni haki kabisa. Miche yote mia tatu iko hai, jioni hii nimeipitia mmoja mmoja.

Kabla ya kuondoka nilimfuata pale anapoosha ndoo zake, nikavua kofia, safari hii haina kitu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, bila kuinua kichwa. "Imechelewa, ila imefika."

Basi chekeni mkitaka, najua nikiwakataza mtacheka zaidi. Ila kwanza mwombeeni mama huyu dua, maana leo kaokoa michungwa mia, na mgongo mmoja. Na ile chokaa mliyosema mtaniletea kwa basi la Jumamosi, ileteni tu, lakini mkabidhini Bi Mwanaidi. Ni dawa ya pipa.