Watoto Hawahesabiwi

Jumatatu, 2 Juni

Nimenunua daftari. Kubwa! Mwenye duka akauliza, la mjukuu? Nikamwambia ni langu, naingia masomoni. Alicheka mpaka akakaa chini.

Acheke. Leo nimeanza mafunzo. Ukumbi uko Pasiansi, karibu na ziwa. Mafunzo ni ya watu wazima wanaojitolea kuongoza watoto wa Kikundi cha Jumamosi. Hao watoto hupelekwa kupanda mawe, kutembea ufukweni, kufunga mahema, kuimba. Mafunzo siku sita. Ukifaulu unapewa cheti na filimbi. Ukianguka unapewa pole.

Filimbi sina shida nayo. Nataka cheti. Binti yangu Teodora alisema wazi: baba, bila cheti cha wale watu, Hellen hatoki na wewe tena, hata kwenda dukani. Hellen ni mjukuu wangu. Ana miaka saba. Zamani kila Jumamosi alikuwa wangu. Tangu mambo ya Misungwi, basi. Ya Misungwi sitaandika leo. Mkono umechoka.

Mwalimu wetu anaitwa Shamsa. Binti mdogo, sauti ya afande. Wote waliniamkia shikamoo isipokuwa mmoja. Abdillah! Yule fundi cherehani wa Mirongo. Mimi namsubiri aniamkie, yeye ananisubiri mimi. Anadai amezaliwa mwaka wa njaa. Nikamwambia mwaka wa njaa mimi tayari nachunga. Akauliza, njaa ipi? Nikasema yoyote. Hatujasalimiana mpaka sasa.

Kulikuwa na fomu. Nikasema nimesahau miwani nyumbani. Sina miwani. Macho yangu mazima, herufi zao ndizo ndogo. Dada mmoja anaitwa Mwaija, anauza uji sokoni, akanijazia. Akauliza, babu, una watoto wangapi? Nikasema wapo. Wangapi? Wanatosha. Akauliza, umewahi kulea? Nikamwambia kulea alilea marehemu mke wangu, mimi nimechunga ng'ombe. Akauliza aandike ng'ombe? Nikamwambia aanze na hao.

Jumanne, 3 Juni

Huduma ya kwanza. Tukapiga kura nani ni mgonjwa na nani daktari. Abdillah akaangukia kuvunjika mguu. Mimi nikaangukia kumfunga. Mungu yupo!

Mwalimu alisema funga kiasi, kidole kipite. Nikasema ndama akivunjika mguu hakuna cha kidole. Nikachukua mbao mbili na kanga ya Mwaija, nikapiga fundo langu la zizini. Abdillah akasema mguu unawaka. Nikamwambia mgonjwa haongei. Baadaye akasema hausikii tena. Nikasema ndiyo dalili ya kupona.

Fundo likakataa kufunguka. Mwalimu akavuta, kijana mmoja akavuta kwa meno. Mwisho wakakata kwa mkasi. Kanga mpya, ya Idi. Mwaija alikunja vipande akaweka kwenye mkoba. Afadhali angenitukana.

Nilitaka kumwambia samahani. Mdomo ulipofunguka nikasema kanga za siku hizi nyepesi.

Jumatano, 4 Juni

Leo kuhesabu. Mwalimu Shamsa anasema hii ndiyo kanuni ya kwanza. Hesabu watoto kabla ya kutoka, hesabu mkifika majini, hesabu mkirudi. Kwa sauti.

Nikanyanyua fimbo. Nikasema mwalimu, kwetu watoto hawahesabiwi. Hata ng'ombe hawahesabiwi. Ukihesabu unaita shari. Marehemu baba zizi lake lilijaa, idadi haijui, lakini ndama mmoja akikosekana anaacha ugali mezani. Kwa macho tu! Huyu mwenye doa, huyu mwekundu, huyu pembe moja. Na mimi ni hivyohivyo.

Nilidhani atagomba. Hakugomba. Akasema, "Sawa babu, mila naiheshimu. Usihesabu watoto. Hesabu kokoto." Akaeleza: kila mtoto akija anatia kokoto moja kwenye kopo. Wakati wa kurudi kila mmoja anachukua moja. Kokoto ikibaki koponi, kuna mtoto amebaki ziwani.

Ni kitu kizuri. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Ningekubali palepale. Lakini Abdillah akaanza kupiga makofi, na kusema hiyo akili, hiyo akili! Sasa ningekubalije? Nikasema kokoto ni za watu wasio na macho.

Abdillah akashusha mikono. Akasema ukumbi mzima usikie: "Bwana Mashimba, na kule Misungwi ulikwenda na macho yapi?"

Teodora hushonesha nguo kwake, ndiko alikosikia. Nilikuwa na jibu zuri sana la kumpa. Limekuja sasa hivi, nimeshakula, nimeshavua viatu. Halifai tena.

Alhamisi, 5 Juni

Basi niandike, yaishe.

Mwaka jana nilimchukua Hellen mnadani Misungwi. Nikamsimamisha kwenye jiwe, nikamwambia usitoke hapa. Nikaenda kutazama dume moja, nundu kama mlima. Sikuwa na nia ya kununua. Nilitaka watu wanione natazama. Wakaja wakaniuliza, nikaeleza meno, nikaeleza kwato, watu wakatikisa vichwa. Mwenye lori akasema mzee unajua, panda nikusogeze. Nikapanda mbele! Njiani naeleza kwato.

Nilipofika nyumbani Teodora akauliza, baba, mtoto yuko wapi? Nikageuka nikatazama nyuma yangu.

Tulimkuta jua linazama. Palepale kwenye jiwe. Mama wa chai alimpa chapati. Hakuwa analia. Akasema, "Babu, si uliniambia nisitoke?"

Angelia ningepona.

Lakini mpango upo! Jioni hii watoto wamekuja kufanya mazoezi. Hellen yumo. Nilijaza michembe ya viazi mfukoni, nikawagawia mmoja mmoja, namkazia macho kila anayepokea. Nimewashika wote kichwani. Kaptula ya bluu yenye kiraka. Gauni la maua. Sweta la njano, jua kali lakini hataki kuvua. Jezi nyekundu. Sketi ya shule. Yule wa jezi nyekundu anaitwa Rahim, alikuja kupokea mara tatu, kwa hiyo huyo nimemshika mara tatu. Nimelala nikiwapitisha mmoja mmoja kama wanaingia zizini. Hakuna kokoto hapa. Ni kichwa!

Ijumaa, 6 Juni

Nimewapitisha tena asubuhi. Wote wamo. Nimepigilia ukutani msumari wa kutundikia cheti.

Jumamosi, 7 Juni

Sikutaka kuandika leo, lakini naandika.

Mtihani ulikuwa hivi. Kila mmoja anawaongoza watoto kutoka ukumbini mpaka ufukweni, wanapita kwenye majabali, wanarudi. Wazazi walialikwa kutazama. Teodora alikuja na kitenge kipya. Alinitengeneza kola, akasema baba, leo nakuombea. Miezi mingi hajaniambia neno kama hilo.

Nikadai kutangulia. Mkubwa ndiye hutangulia. Abdillah akasema haya, tangulia.

Watoto wakatoka. Yesu na Maria! Fulana za kijani! Wote! Zimeletwa jana, kofia pia za kijani. Sweta halipo, jezi haipo, kiraka hakipo. Ng'ombe habadilishi ngozi usiku mmoja!

Mwaija alikuwa amesimama mlangoni na kopo. Yuleyule wa kanga. Akaniambia polepole, babu, chukua, hakuna atakayekucheka. Nilimwona Abdillah anatazama. Nikamwambia Mwaija kopo hilo awekee nyanya.

Tukaenda. Niliimba, waliimba. Kwenye majabali niliwaonyesha kenge. Kwenye maji nilisimama mbele yao na fimbo kama askari, hata mmoja hakulowa goti. Nilifanya vizuri. Naapa nilifanya vizuri. Wakati wa kurudi Hellen akanivuta shati. Akanong'ona, babu, tuko kumi na mmoja. Tulikuja kumi na wawili.

Nikamkaripia. Nikamwambia nani amekufundisha kuhesabu watu? Nyamaza, wakubwa wanafanya kazi.

Akanyamaza. Ni mtoto mwenye adabu.

Tukafika. Mwalimu Shamsa akauliza mbele ya wazazi, babu, wote wapo? Nikawatazama kwa macho yangu. Kijani, kijani, kijani. Nikasema kwa sauti kubwa: wote, mwalimu, kama ng'ombe zizini!

Mwalimu akapuliza filimbi. Rahim akatokea nyuma ya jabali, anakula biskuti. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemficha. Ndio ulikuwa mtihani.

Baada yangu akaingia Abdillah, wakaficha mtoto mwingine pahali pengine. Kokoto ikabaki moja koponi. Akapiga filimbi, akawaketisha wote chini, akamtuma Mwaija atafute, mtoto akapatikana nyuma ya mtumbwi. Dakika mbili. Makofi.

Teodora hakukasirika. Ningependa akasirike. Akasema, "Pole, baba," akamshika Hellen mkono. Jumamosi zote sasa Hellen atakwenda na kundi la Abdillah.

Kabla hawajaondoka Hellen akaniuliza, babu, kwani nilikosea kuhesabu?

Jibu lilikuwa jepesi. Hapana mjukuu wangu, umehesabu vizuri, babu ndiye aliyekosea. Maneno machache hata mimi naweza kuyaandika, haya hapa nimeyaandika. Nikamwambia nenda, mama yako anangoja.

Jumapili, 8 Juni

Abdillah alikuja nyumbani. Na mkate! Akasimama mlangoni, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, Mzee Mashimba."

Siku zote hizo naisubiri ile shikamoo. Leo imekuja na sikuweza kuimeza. Alinihurumia. Nikajibu marahaba, nikafunga mlango. Mkate nikaupokea.

Kupitia dirishani akasema kwamba mwalimu amesema nirudi Desemba, likizo ya watoto, nitafaulu tu nikikubali kopo. Akasema hata yeye, kabla ya kopo, alikuwa anawachanganya. Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Kosa ni la fulana.

Jumamosi, 14 Juni

Ziwa si la mtu. Mtu yeyote anaruhusiwa kukaa juu ya jabali akatazama maji. Nilikwenda mapema, nikakaa mbali, hapana aliyenifukuza.

Wakapita chini. Abdillah mbele na kopo lake, kokoto zinalia kach, kach, kama muuza kahawa. Nyuma yake watoto wa kijani. Sikuhesabu. Nilitazama tu, polepole, mmoja mmoja, kama baba alivyokuwa anatazama. Moyo ukatulia. Wote wapo.

Na Hellen! Alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Alinyanyua mkono akanipungia. Nikampungia. Akapunga tena kwa mikono yote miwili, anarukaruka. Kwa hiyo hana kinyongo. Nililia kidogo pale juu, upepo ulikuwa mkali. Nikasema moyoni, ona, macho ya damu hayahitaji kokoto, umbali wote ule nimemjua wangu.

Nikashuka nikampigia simu Teodora nimwambie. Kabla sijasema akasema, baba afadhali umepiga, Hellen ana homa tangu jana, yuko kitandani hapa, asubuhi nzima anakuulizia. Akauliza, ulikuwa unataka kusema nini?

Nikasema nilijua. Ndiyo maana nimepiga. Nikasema namletea machungwa.

Akashangaa, akasema baba, umejuaje? Nikamwambia mzee anaona.

Yule mtoto aliyenipungia sijui ni wa nani. Ana adabu. Lakini wote walikuwapo.